Habari za Chikanda: Chakula cha Milimani na Lango la Tunduma

Katika nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Rukwa kimo chakula kimoja ambacho wageni wengi wapitao njia kuu ya Tunduma hawakijui, ingawa pengine wamepanda basi moja na gunia lake. Chakula hicho ni kiazi kidogo cha ua la nyikani. Ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Zambia, chaitwa chikanda. Upande wetu wengi husema kikande. Nia yangu katika maelezo haya ni kuandika habari zake kwa mpango: majira ya nchi, mmea wenyewe na jina lake, namna kiazi kinavyoliwa, na jinsi kitu kilichokuwa chakula cha miezi ya njaa kilivyogeuka bidhaa ya mpakani. Maana nimeona ya kuwa vijana wetu wajua bei ya kiazi, wala hawajui jina la ua. Na jambo hilo, kwa maoni yangu, si dogo.

1. Majira ya nchi

Kiswahili kilitujia kutoka pwani pamoja na majina yake ya majira: kaskazi, masika, kipupwe na vuli. Majina haya yafaa sana Unguja na Mombasa, ambako mvua hunyesha mara mbili kwa mwaka. Lakini juu ya milima ya Undali na Umalila, na katika uwanda wa juu wa Mbozi, mambo ni mengine. Kwetu mvua ni moja tu: huanza mwezi wa Novemba hivi, huisha Aprili au Mei. Baada yake huja baridi ya Juni na Julai, yenye umande mzito, na pengine sakitu katika mabonde ya juu. Kisha ni ukavu, na upepo, na moto wa nyika.

Watu wa Ulaya wana majira yao ya machipuo, yajayo theluji inapoyeyuka. Sisi hatuna theluji. Machipuo yetu huja baada ya moto. Mwezi wa Septemba au Oktoba mtu akipita mlimani aona majivu matupu, naye hudhani nchi imekufa. Lakini akiinama ataona, kabla mvua haijanyesha hata tone moja, vijiua vya manjano na vyekundu vimetoboa udongo mweusi, visivyo na jani hata moja. Mimea hiyo ilijiwekea akiba chini ya ardhi, haikungoja mvua. Kisha mvua yaja, na majani ya nyika yaota. Na kufika Januari na Februari vilima vimevaa rangi zote.

Mahali panapojulikana kuliko pote kwa uzuri huo ni uwanda wa Kitulo, mashariki kwetu, ulio kimo cha mita 2,600 hivi juu ya bahari. Balozi Mwingereza J. F. Elton alipita huko mwaka 1877, akafa mwaka huo huo kabla hajafika pwani, na Wazungu wakauita uwanda huo kwa jina lake. Wenyeji waliuita Kitulo, na jina lao ndilo lililodumu. Tena huitwa Bustani ya Mungu. Humo zimehesabiwa namna za mimea zipatazo 350, na katika hizo namna 45 ni za jamaa ya maua ninayotaka kueleza habari zake. Wakati wa mvua huja mbayuwayu wa rangi ya samawati nzito, wakajenga na kulea makinda yao katika majani ya huko. Na mvua zikiisha huondoka, wakaenda kaskazini hata Uganda na pande za magharibi ya Kenya. Ndege huyo sasa amekuwa haba katika Afrika nzima, kwa sababu nyika za milimani alizozizoea zimelimwa au zimepandwa miti.

2. Ua na jina lake

Tukiuliza Kiswahili kuhusu maua, chatupa majina mazuri: waridi, asumini, kilua, mlangilangi, mkadi. Lakini tuyatazame majina hayo. Karibu yote ni ya maua yenye harufu nzuri, yaliyopandwa karibu na nyumba ili wanawake wajipambe nayo, au yatumike arusini. Ua lisilofaa kwa nywele wala kwa kitanda halikupata jina. Liliitwa ua tu. Kwa hiyo jamaa kubwa ya maua ya milimani, iliyo na namna mamia katika Tanzania, haina jina la asili katika lugha yetu ya taifa. Wataalamu wa siku hizi huandika okidi, neno lililochukuliwa kwa Wazungu.

Nalo neno hilo lina habari yake. Asili yake ni Kiyunani, na maana yake ni korodani. Wayunani wa kale walichimba mmea wakaona chini yake viazi viwili vya mviringo vimekaa pamoja, ndipo wakaupa jina hilo. Basi hata hao, waliosifiwa kwa elimu, waliliita ua kwa kitu kilicho chini ya udongo. Tusiwacheke watu wetu waliofanya vivyo hivyo, maana kikande nacho ni jina la kiazi kabla ya kuwa jina la ua.

Jambo hili nililiona kwa macho yangu. Mwaka mmoja, mwezi wa Februari, niliwachukua watoto wa shule mlimani ili wajifunze mimea. Nikawaonyesha ua refu la rangi ya waridi, nikauliza, Hili laitwaje? Wakajibu kwa sauti moja, Kikande, mwalimu. Nikawaonyesha la pili, la rangi ya machungwa. Wakasema, Na hilo kikande. La tatu lilikuwa la kijani kibichi, lenye nyuzi nyembamba kama ndevu za paka. Wakatazamana, kisha kijana mmoja akasema, Hilo si kitu, mwalimu, halinunuliwi. Hapo nikafahamu ya kuwa watoto wale wanayo elimu kamili ya mmea, lakini ni elimu ya soko. Maua yote ya mlima kwao yamegawanyika mafungu mawili, linalonunuliwa na lisilonunuliwa.

Lakini haikuwa hivyo kwa kila mtu aliyewatangulia. Wazee wachimbaji hutambua viazi kwa kuvigusa na kuvionja: vingine ni laini na vyenye utelezi, ndivyo vizuri; vingine vina nywele au uchungu, ndivyo huachwa. Tena palikuwa na mtu mmoja wa misioni ya Moravian, jina lake Adolf Stolz, aliyekaa Kyimbila karibu na Tukuyu kabla ya vita vya 1914. Kazi yake ilikuwa mambo ya biashara na mali ya misioni, lakini nafasi yake aliitumia kukusanya mimea katika nchi ya Rungwe na hata katika milima ya Undali, akaikausha na kuipeleka Ulaya. Alikufa mwaka 1917. Mwaka 1915 mtaalamu Rudolf Schlechter wa Berlin aliandika habari za maua yale, akaita kabila moja la okidi ndogo za mitini Stolzia. Basi ua la milima yetu likapata jina la mtu wa Ujerumani. Sisemi hivi kwa kulalamika. Aliyeinama akalitazama ua, na kuandika aliloona, huyo ndiye alipata haki ya jina; nasi tulikuwapo miaka yote.

3. Jinsi mmea unavyoishi

Asiyejua maisha ya mmea huu hawezi kufahamu hatari yake. Kwa hiyo nitaeleza kwa kifupi. Chini ya kila shina mna viazi viwili. Kimoja ni cha mwaka uliopita, kimelegea na kukunjamana, maana kimetoa nguvu zake zote kulisha jani na ua la mwaka huu. Cha pili ni kipya, kigumu na cheupe, kimejaa akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji hutaka kile kipya, kwa kuwa ndicho chenye unga. Kile cha zamani hukitupa. Kwa hiyo hachukui mavuno ya mwaka mmoja tu, bali achukua mmea wenyewe, pamoja na miaka yake yote ijayo. Ni kama mtu aliyeingia ghalani akaacha makapi na kuchukua mbegu.

Labda msomaji atasema, Si neno, mbegu zitaota nyingine. Kweli mbegu ni nyingi ajabu, na ndogo kama vumbi, huchukuliwa na upepo. Lakini kwa udogo wake haina chakula ndani yake. Haiwezi kuota mpaka ikutane katika udongo na namna fulani ya ukungu, itakayoilisha siku za kwanza. Na ikiisha kuota, hupita miaka kadhaa kabla haijatoa ua. Tena mchimbaji huuona mmea wakati gani? Huuona wakati wa mvua, unapojitokeza kwa jani na ua, maana wakati wa kiangazi hakuna alama juu ya ardhi. Basi mara nyingi hung'olewa kabla mbegu haijakomaa. Hivyo mmea hupoteza kiazi na mbegu siku ile ile.

4. Mapishi, na kiasi cha watu wa kale

Namna ya kupika ni hii. Viazi huoshwa, huanikwa juani mpaka vikauke, kisha hutwangwa kuwa unga. Karanga nazo hutwangwa. Maji huchemshwa, hutiwa karanga, chumvi, na pilipili kwa apendaye. Ndipo unga wa chikanda hutiwa kidogo kidogo huku ukikorogwa, pamoja na magadi au maji ya majivu. Unga una utelezi mwingi, na magadi huufanya ushikamane. Chungu hufunikwa, na makaa huwekwa juu ya kifuniko na chini yake, mpaka kitu kile kiwe kigumu kama mkate. Kikipoa hukatwa vipande kwa kisu. Ladha yake yafanana kidogo na nyama, ndiyo maana watu wa mjini huko Zambia hukifananisha na soseji. Huliwa pamoja na ugali, au peke yake mkononi.

Wasidhani wasomaji ya kuwa ni jambo la Afrika peke yake. Waturuki hufanya unga wa viazi vya okidi zao, nao waita salep. Huutia katika maziwa ya moto wakati wa baridi, na katika barafu ya maziwa. Zamani hata watu wa London walikinywa kinywaji hicho, kabla kahawa na chai hazijawa rahisi. Yasemwa ya kuwa kilo moja ya salep hutaka viazi elfu moja hata elfu nne. Nako Uturuki maua yamepungua sana, hata serikali ikakataza kupeleka unga huo nje ya nchi.

Sasa nirudi kwetu. Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali, Walambya na jirani zao walikuwa wakulima wa ulezi. Ulezi huvunwa mvua zinapoisha. Kwa hiyo Januari na Februari ndiyo miezi ya ghala tupu, na ndiyo miezi ambayo kikande hutoa jani lake. Mambo hayo mawili yakikutana, watu walichimba. Bibi mmoja wa Ileje, aliye mzee sana, nilimwamkia nikamwuliza kuhusu siku za ujana wake. Akaniambia, Tulichimba, mwanangu, lakini tulichimba cha chungu, hatukuchimba cha gunia. Nikamwuliza, Je, palikuwa na mwiko wa kuchimba vingi? Akacheka, akasema, Mwiko wa nini? Ungevipeleka wapi?

Neno hilo la bibi nimelifikiri sana. Watu wengi waandikao habari za mila hupenda kusema ya kuwa wazee walikuwa na hekima ya kuhifadhi, na miiko ya kulinda kila mti. Pengine ni kweli kwa mahali fulani na kwa kitu fulani, kama misitu ya matambiko. Lakini kwa kikande nadhani bibi alisema kweli. Kilicholinda maua hakikuwa sheria. Kilikuwa ukubwa wa chungu. Njaa ilikuwa na mwisho wake, nao ulikuwa mavuno ya ulezi. Mavuno yakifika, hakuna aliyekuwa na sababu ya kupanda mlimani na jembe. Basi chungu kilipoacha kuwa kipimo, hapakuwa na kipimo kingine kilichokuwa kimewekwa tayari.

5. Mpaka na njia

Ilikuwaje chungu kikaacha kuwa kipimo? Hapa sharti tueleze habari za mpaka. Zamani palikuwa hapana mpaka Tunduma. Wanyamwanga walikaa pande zote mbili, na Walambya pande zote mbili za mto Songwe, wakioana na kuzikana. Tangu mwaka 1881 Waingereza walianza kufanya njia kutoka Karonga, upande wa Nyasa, kwenda mwisho wa kusini wa Ziwa Tanganyika, kwa fedha za tajiri mmoja wa Glasgow, James Stevenson, na njia ikaitwa kwa jina lake. Tarehe 1 Julai 1890 Wajerumani na Waingereza wakapatana huko Ulaya kugawanya nchi, na mstari ukapigwa toka mto Songwe hata mto Kalambo, ili njia ile ya Stevenson ibaki upande wa Waingereza. Mwaka 1898 wakaja wapimaji kuweka alama. Hivyo Wanyamwanga wakawa watu wa dola mbili, kwa ajili ya njia moja.

Lakini mpaka peke yake haukuharibu maua. Watu waliendelea kula kama kwanza. Jambo la pili lilikuwa migodi ya shaba. Tangu miaka ya 1920 na 1930 vijana wa kaskazini ya nchi iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini, Wabemba na Wanamwanga na wengineo, walikwenda kufanya kazi migodini, na chakula cha kwao kikawafuata. Mjini mtu hana mlima wa kuchimba, hununua. Kidogo kidogo chikanda kikaacha kuwa chakula cha kabila, kikawa kitoweo cha nchi nzima, kikiuzwa sokoni na kwenye vituo vya mabasi, hata Lusaka.

Jambo la tatu lilikuwa njia za karne iliyopita. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao wenyewe, na Zambia ikawa katika shida ya kupitisha mali yake kusini. Ndipo njia kuu ya kutoka Dar es Salaam ikatengenezwa na kutiwa lami, na bomba la mafuta likalazwa mwaka 1968. Kisha reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ikajengwa kwa msaada wa Uchina, ikaanza kazi rasmi mwaka 1976. Yote matatu yalipita Tunduma au karibu yake. Kijiji kikawa lango. Kazi ile ilikuwa njema na ya heshima, wala hakuna aliyewaza maua ya milimani alipoipanga. Lakini lango likiisha kufunguliwa halichagui kipitacho.

6. Kutoka chungu hata gunia

Viazi vya Zambia vilianza kupungua kwa wingi wa walaji, na wachuuzi wakaja kutafuta upande wetu. Tangu miaka ya 1990 biashara hii ilikua kwa haraka. Kwanza ilikuwa katika nchi zilizo karibu, kisha ikapanda hata miinuko ya Makete na Njombe, mbali sana na mpaka. Mchuuzi hukaa kijijini, wachimbaji humletea kwa debe, naye hujaza magunia na kuyapandisha basi au lori mpaka Tunduma, kisha huvushwa Nakonde. Wanaoijua miji hiyo miwili wafahamu ya kuwa ni kama mji mmoja uliokatwa na barabara. Mtu aweza kuvuka na mzigo kichwani kabla chai yake haijapoa.

Mwaka 2003 Tim Davenport na Henry Ndangalasi walitoa taarifa ya uchunguzi wao katika Nyanda za Juu za Kusini. Walikadiria ya kuwa viazi vilivyopelekwa Zambia kila mwaka vilikuwa kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1, navyo hasa ni vya makabila matatu ya okidi yaitwayo na wataalamu Disa, Satyrium na Habenaria. Na namna za maua zilizoguswa huenda zikafika 85. Kwa kuwa kila kiazi kipya ni mmea mmoja, hesabu ile ni hesabu ya mimea iliyokufa.

Hata hivyo tusiwe wepesi kuwahukumu wachimbaji. Mwaka 2009 wachunguzi walioandika habari za Makete walionyesha ya kuwa kazi hii imewaangukia hasa watu dhaifu, na nyumba zilizopatwa na UKIMWI. Mtu asiye na nguvu ya kulima shamba, wala fedha ya mbolea, aweza bado kwenda mlimani na kijiti. Mimi mwenyewe nimefundisha mtoto aliyekosa shule majuma mawili mwezi wa Februari, akarudi na madaftari mapya na viatu. Nilipomwuliza alikokuwa, alinyamaza, akatazama kucha zake zilizojaa udongo. Sikumwadhibu. Ningemwambia nini? Madaftari yale nilikuwa nimeyadai mimi.

Wazee walisema, Haba na haba hujaza kibaba. Hiyo ni mithali ya mchimbaji, naye anayo haki yake. Tena walisema, Chovya chovya humaliza buyu la asali. Hiyo ni ya mlima. Mithali zote mbili ni kweli, na shida yetu ni kuwa ni kweli kwa siku moja na mahali pamoja.

7. Yaliyofanywa

Haifai kusema hapana lililotendwa. Mwaka 1982 P. J. Cribb na G. P. Leedal walitoa kitabu cha maua ya milima ya kusini mwa Tanzania, chenye picha na maelezo, nacho kiliwafungua macho wengi. Mwaka 2005 Kitulo ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, yenye eneo la kilomita za mraba 412.9. Hifadhi nyingine za nchi yetu zilifanywa kwa ajili ya simba na tembo. Hii ilifanywa kwanza kwa ajili ya maua, nayo husifiwa kuwa ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika ya joto. Na kabla ya hapo, katika mapatano ya mataifa ya mwaka 1973 yajulikanayo kwa jina la CITES, ambayo Tanzania iliingia mwaka 1979, okidi zote ziliwekwa katika orodha ya vitu visivyouzwa nje ila kwa kibali.

Lakini sheria ina macho makali mahali penye lango, na milima haina lango. Kulipokuwa na ulinzi Kitulo, wachimbaji walihamia vilima visivyo na mlinzi. Na viazi vilivyokauka, vikichanganywa gunia moja na vitu vingine, si rahisi kuvitambua. Mwaka 2019, tarehe 5 Oktoba, marais wa Tanzania na Zambia walifungua kituo cha pamoja cha forodha Tunduma na Nakonde, ili mizigo ipite upesi. Jambo hilo lafaa biashara halali. Lakini mama mwenye furushi la kikande hajapata kupita dirisha la forodha.

Wataalamu wa Zambia na wa bustani ya Kew huko Uingereza wamejaribu kuotesha chikanda pamoja na ukungu wake, ili siku moja kipandwe shambani kama viazi vingine. Kazi ni ngumu, ila ikifaulu, ndiyo itakayompa mchimbaji njia ya tatu, isiyo ya kufa njaa wala ya kuua mlima.

8. Neno la mwisho, na ombi

Mimi si mtaalamu wa mimea, ni mwalimu. Na mwalimu kazi yake ni maneno. Nimeonyesha ya kuwa watu wa kale hawakulinda kikande kwa sheria, bali kwa udogo wa haja yao. Na haja ilipokua kwa sababu ya mji na njia, hapakuwa na kitu cha kuizuia. Basi sisi hatuwezi kurudi kwa wazee kutafuta mwiko ambao hawakuuweka. Sharti tuuweke wenyewe, tena upya. Lakini watu hawawezi kuafikiana juu ya kitu wasichokitofautisha kwa jina. Kijiji kikisema, Mwaka huu tusichimbe ua la namna hii, liachwe litoe mbegu, ni lazima kila mtu ajue ni ua lipi. Leo hatuwezi kusema hivyo, kwa kuwa yote tumeyaita kikande.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji wa Unyiha, Unyamwanga, Undali, Ulambya, Umalila, Ufipa na Ukinga, hasa walimu wenzangu, wawaulize wazee majina ya maua haya katika lugha zao, nao wayaandike. Ukiandika, taja mwezi ulioliona ua. Rangi yake, na idadi ya majani. Kama ni mahali pa majimaji au pakavu. Kama kiazi chake ni laini au cha nywele, na kama huliwa au huachwa. Usichimbe ili kutazama. Mwulize aliyewahi kuchimba, atakueleza. Nami nimeanza orodha yangu. Ina majina manne tu, na matatu katika hayo niliyapewa na bibi yule wa Ileje. La nne ni lile ua la kijani lenye ndevu za paka. Yule kijana aliyesema si kitu, alirudi kwangu baada ya siku chache akaniambia ya kuwa nyanya yake analo jina lake.